Kokwa ya Ukwaju Juu ya Barafu

Ndani ya kontena la baridi hakuna asubuhi wala alasiri. Kuna weupe mmoja tu usiokwisha. Mwanamwema aliingia humo na katoni ya pweza kifuani, buti zimempwaya, na pumzi yake ikamtoka ikasimama mbele ya uso wake kama mgeni anayetaka kuulizia njia. Akaipisha. Akaiweka katoni juu ya nyengine, akarudi kuchukua ya tatu.

"We Mwanamwema, usilale humo!" Bashira alimpigia ukelele kutoka mlangoni. "Tutakufungia, ukaliwe Ulaya kwa limau."

"Nikaliwe mara ngapi? Nshaliwa hapa hapa."

Wakacheka, mmoja ndani ya barafu, mwengine ndani ya jua.

Yadi ilikuwa Unguja mjini, njia ya Mtoni, si mbali na bandari ya Malindi. Kampuni ilikuwa ikinunua pweza wa mwambao wa kusini, kuwagandisha, kuwatia katoni na kuwapakia kwenye makontena ya baridi ya kwenda ng'ambo. Kontena moja lilijaa kwa mabamvua mawili, na bamvua ni zile siku ambazo bahari hujikunja ikaenda mbali, mwamba ukabaki mtupu, na wanawake wa Jambiani wakashuka na vijiti vyao kuchokoa mashimo. Kila mwanamke ana mashimo yake, aliyoonyeshwa na mama yake, na mama yake naye alionyeshwa na wake. Hayana hati. Ardhi ya pwani imeshapatiwa hati na watu waliokuja juzi na miwani ya jua, lakini mashimo ya pweza bado hawajayaona, na Mungu awapofue yasionekane.

Kisiwa hiki kina mazoea ya kupakia. Kilipakia watu, kikapakia pembe, kikapakia karafuu, kikapakia mwani. Kila mara mwenye mizani alikuwa mwengine, na aliyeinama alikuwa yule yule. Bi Tabia, mamake Mwanamwema, hakuyasoma hayo popote. Aliyajua kwa mgongo.

Alhamisi ile ndiyo siku waliyomaliza kupakia. Bashira alipokwenda kunawa mikono, Mwanamwema alirudi ndani peke yake, akatoa chini ya jaketi bilauri ya plastiki iliyojaa maji yaliyokwisha kuganda. Juu ya barafu ile aliweka kokwa moja ya ukwaju, nyeusi, iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Akaichomeka bilauri wima baina ya katoni mbili karibu na mlango, akaiambia, "Kaa macho."

Kanuni ya kampuni ilikataza kuingiza chochote humo kisichokuwa pweza, hata pete ya kidoleni. Mwanamwema aliijua kanuni. Lakini alijua na jambo jengine la zamani zaidi.

Alipokuwa mtoto wa miaka tisa, umeme ulizimika Unguja nzima miezi mitatu. Waliokuwa na jenereta wameshasahau. Hata ulipowashwa ulikuwa ukija na kuondoka upendavyo, na mamake alikuwa na friza moja ambamo aliweka pweza wake kungojea Ramadhani. Siku moja yeye yuko mwambani, umeme ukakatika kutwa. Kabla hajarudi, ukarudi wenyewe. Akafungua friza, akakuta pweza mgumu kama jiwe. Akauza. Watu wakafuturu. Usiku ule mtaa mzima ulishika matumbo, na kwa mwaka mzima baadaye, Bi Tabia akipita na ndoo yake, watoto walikuwa wakifunga pua. "Pweza wa Tabia" likawa tusi. Ukitaka kumwambia mwenzako ananuka, humwambii ananuka, unamwambia huyo pweza wa Tabia.

Mamake hakulia. Aligandisha maji ndani ya bilauri, akaweka kokwa juu, akaifungia ndani ya friza.

"Umeme mwongo," alimwambia mwanawe. "Unakwenda zake, unarudi, unajifanya hukuondoka. Lakini barafu ikiyeyuka, hii kokwa huzama. Maji yakiganda tena, yataganda nayo iko chini. Haiwezi kupanda tena. Mimi nikirudi pwani, namtazama shahidi wangu kwanza, kisha ndo namtazama pweza."

Polepole watu wakarudi kununua. Na Mwanamwema alipokuja mjini, akapanga chumba Mlandege juu ya duka la mafriji ya mitumba, akapata kazi ya kupakia, hakuweza kufunga mlango wa baridi bila ya kuacha shahidi. Miaka miwili alifanya hivyo, kontena baada ya kontena. Alhamisi huiweka, Jumatatu, kabla lakiri haijatiwa mlangoni na gari halijalikokota kontena kwenda bandarini, huingia wa kwanza, huitazama kokwa ikiwa juu, huimwaga barafu chini ya bomba, na kokwa huitia mfukoni. Ilikuwa kokwa ile ile ya mamake. Hakuna aliyejua.

Siku ile alichelewa kidogo kutoka. Pweza, mamake alikuwa akimwambia, akilala huota, na ndoto humpita ngozini: mara mwekundu, mara kijivu, mara madoa kama ya kanga. Na hawa je, waliolala kwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, wanaota nini? Akaona kontena linaondoka naye. Halikuwa na injini wala mawimbi, lilikwenda tu, kama wazo. Likapita maji ya buluu, likapita maji ya kijivu, likafika mji wa mvua ambapo bibi mmoja asiyemjua aliketi peke yake na sahani. Bibi akatia kipande mdomoni, akakitafuna, kisha akanyanyua uso akatazama dirishani, kama aliyeitwa kwa jina na mtu aliye mbali sana. Mwanamwema alitaka kumwambia ni mimi, ni sisi huku...

"Utakufa humo we!" Bashira akamvuta mkono. "Macho yako mekundu kama ya pweza."

Wakafunga mlango. Mzee Pandu, mlinzi wa yadi, mtu wa Mkokotoni mwenye kikofia kisichotoka kichwani, akachomeka waya wa kontena kwenye soketi. Soketi zilikuwa mbili, moja imeungua tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na haijatengenezwa. Kontena likaanza kunguruma.

Ijumaa Mwanamwema akaenda kwao Jambiani, kwa kuwa bamvua lilikuwa limefika. Jumamosi walishuka mwambani yeye na mamake, maji chini ya vifundo vya miguu, jua limelala juu ya kila kidimbwi. Bi Tabia aliingiza kijiti shimoni, akangoja, akatabasamu.

"Kanisalimia," alisema.

"Kakwambiaje?"

"Kaniambia nimwache. Nkamwambia na mimi walinambia hivyo hivyo wakati wa kuolewa."

Walipopanda, Mwanamwema alijinyoosha barazani baada ya adhuhuri, chumvi ingali miguuni, akachukuliwa na usingizi. Akaota kontena limesimama katikati ya mwamba, jeupe, mlango wazi. Limenyamaza kimya. Maji ya uvuguvugu yalikuwa yakiingia taratibu chini ya katoni, na pweza wakaamka mmoja mmoja, rangi zikiwapita, wakaja mpaka mlangoni wakasimama kwa mikono yao yote. Hawakuwa na hasira. Waliuliza tu, kwa sauti ya watoto wa mtaani: "Nani katuita?" Naye mkononi mwake alikuwa na kokwa, nayo ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Aliamka anahema.

"Umeota nini?" mamake aliuliza.

"Kimya. Nimeota kimya."

"Hiyo mbaya," alisema Bi Tabia, akaendelea kusugua pweza.

Jumatatu gari liliharibika Tunguu, na Mwanamwema alifika yadi jua limeshapanda. Mlango wa kontena ulikuwa umeshafunguliwa. Katoni saba ziko chini juu ya turubai, na aliyesimama kati yao alikuwa Bi Mardhiya, mkaguzi aliyeletwa na wanunuzi, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe juu ya buibui. Amekuja mapema kuliko siku zote. Pembeni yake Mahfoudh, msimamizi wa yadi, daftari kwapani.

"Kipimajoto kinasema kumi na nane chini ya sifuri," alikuwa akisema Mahfoudh. "Sasa tatizo liko wapi, bibi?"

"Tatizo hili hapa." Bi Mardhiya alikuwa amepasua katoni. Chini ya pweza kulikuwa na bapa la barafu ya rangi ya waridi, limeshikana na nailoni. Ngozi ya pweza inachubuka kwa ukucha. Harufu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. "Huyu kaganda mara mbili. Ama alifika hapa kashaharibika mkamgandisha, ama aliyeyuka hapa hapa. Kumbukumbu ya mashine inasemaje?"

"Kontena kuukuu hili, kumbukumbu yake ilikufa zamani. Lakini daftari lipo." Akalifungua. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, kila baada ya saa sita: kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Kalamu moja, mkono mmoja, hata mlalo wa tarakimu ule ule.

"Basi limebaki moja," Mahfoudh alisema, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayetoa pole. "Kaja hivi kutoka shamba. Nshasema mimi. Wale wanawake wa Jambiani wanamwanika pweza juani wanapiga soga. Leo leo ntaandika barua tuache kununua kwao. Tuwachukue wapiga mbizi wenye boti, watu wa kazi."

"Kama ndivyo, nami ntatia saini," alisema Bi Mardhiya.

Mwanamwema alihisi baridi ya kontena inamjia miguuni. Aliiona njia ya mchanga ya Jambiani, mamake anapita na ndoo, na watoto, watoto wa wale watoto, wanafunga pua. Safari hii si mtaa mmoja. Safari hii tusi litaandikwa kwenye barua na kuvuka bahari.

Hapo Bashira, aliyekuwa akivuta katoni ya nane, akapiga yowe.

"Kago! Jamani, kago!"

Wote wakaruka nyuma. Kago, kama kila mtu kisiwani ajuavyo, ni kinga ya mwenye shamba: kichupa au kifurushi kimetundikwa mtini, na mwizi akikigusa hufura tumbo mpaka akaungame. Na hapo baina ya katoni mbili ilisimama bilauri ya barafu yenye kitu cheusi ndani. Mpakiaji mmoja alikwisha anza kusoma Ayatul Kursiyyu. Mahfoudh naye alirudi hatua mbili, kisha akaona faida yake, akarudi mbele.

"Mnaona? Pweza mbovu, na uchawi juu yake! Ndo watu gani hawa?"

Kwenye lango, Mzee Pandu alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Mwanamwema angeweza kunyamaza. Kago halina mwenyewe mpaka ajitokeze. Kazi ingebaki, chumba cha Mlandege kingebaki. Alipita katikati yao, akaingia ndani ya weupe, akaichukua bilauri akatoka nayo juani.

"Si kago," alisema. "Yangu hii. Nimeiweka mimi."

"Umeweka nini?" Bi Mardhiya aliuliza.

"Maji ya bomba na kokwa ya ukwaju. Nliyagandisha kwanza, kisha nkaiweka kokwa juu. Alhamisi. Juu kabisa, bibi, hapa kwenye ukingo." Akaelekeza kwa kidole. Kisha akageuza bilauri wote waone. Kokwa ilikuwa imelala chini kwenye kitako, na barafu yote juu yake, safi kama kioo. "Barafu isipoyeyuka, kokwa haishuki. Mama yangu ndo alonfunza. Mama yangu ni mmoja wa hao wapiga soga wa Jambiani."

Bi Mardhiya aliichukua, akainyanyua kwenye mwanga. Akaizungusha kuitazama kila upande.

"Imezama," alisema.

"Imezama!" Mahfoudh alicheka. "Na nani anojua kama hakuitia chini tangu mwanzo? Mpakiaji na bilauri yake, dhidi ya daftari la kampuni? We msichana, unajua kanuni ya kuingiza kitu kwenye kontena la ng'ambo?"

"Naijua."

"Basi ushajifukuza mwenyewe."

Kimya kikaingia yadini, kile kile cha ndotoni. Ndipo Mzee Pandu akaja kwa mwendo wake wa pole, mikono bado tumboni.

"Mwanangu Mwanamwema."

"Naam, Mzee Pandu. Shikamoo."

"Marahaba. Nambie kweli mbele ya Mungu. Hilo si kago?"

"Wallahi si kago, mzee. Tumbo lako salama."

Mzee akashusha pumzi. Akaondoa mikono tumboni, akaitazama kama si yake.

"Mana lingekuwa kago, ningesema kwa kuogopa kufura," alisema. "Sasa kwa kuwa si kago, nasema tu. Mimi ndo nliyechomoa. Ijumaa jioni liliingia kontena la kuku wa mahoteli, wale kuku wa kutoka huko duniani. Soketi nzima ni moja. Bosi huyu hapa akanambia, chomoa pweza, chomeka kuku, pweza keshaganda, atavumilia. Akavumilia Jumamosi kutwa. Maji yalitiririka mpaka kibandani kwangu, nkayapiga deki. Jumapili alasiri kuku wakachukuliwa, nkamrudishia pweza umeme wake. Na daftari hilo sikuliandika mimi. Mimi sijui kuandika."

"Mzee, unazeeka vibaya," alisema Mahfoudh.

"Nilianza vibaya, bwana. Nazeeka vizuri."

Bashira aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kuku wa nchi ambayo mtu wake hajui Unguja iko juu au chini ya ramani alilala kwenye baridi, na pweza aliyetolewa shimoni kwa mkono wa mwanamke aliachwa aoze, kisha mwanamke akapelekewa lawama. Wala halikuwa jambo geni. Geni lilikuwa kwamba safari hii shahidi alikuwepo.

Bi Mardhiya alifunga daftari, akalitia kwapani mwake badala ya kwapa la Mahfoudh.

"Barua ya Jambiani haitaandikwa," alisema. "Mzigo huu ufukiwe. Ntaandika umeyeyuka hapa, na kwa nini." Kisha akamgeukia Mwanamwema, na uso wake haukuwa na raha. "Lakini lazima niandike pia kwamba bilauri ilikuwamo."

"Andika, bibi. Andika na kokwa ilikuwa wapi."

Akaiacha bilauri mkononi mwa mkaguzi, akavua jaketi la kuazima, akalitundika kwenye msumari wake, akatoka langoni. Mzee Pandu alimfungulia lango lote, kama linavyofunguliwa kwa gari.

Bamvua la pili baada ya hapo lilimkuta mwambani na mamake. Maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, mpaka povu likawa uzi mweupe, na anga na mwamba vilikuwa na rangi moja, hujui unakanyaga kipi. Simu ikalia ndani ya kifuko cha nailoni kiunoni.

"Hujambo, mchawi?" Bashira alikuwa anapiga kelele juu ya ngurumo ya magari.

"Sijambo, shoga. Mbona kelele?"

"Niko Malindi. Kontena linapandishwa melini sasa hivi. Pweza wenu watupu, wa Jambiani. Soketi zote mbili nzima, ati. Na shahidi yumo!"

"Yumo nani?"

"Bilauri! Bi Mardhiya kairuhusu, imo kwenye karatasi, imepewa jina refu hilo, miye siwezi kulitamka. Kokwa nimeiomba kwa muuza achari Darajani. Nimeiweka kwa mkono wangu, na nimeisomea Bismillahi."

"Na kazi yangu?"

Bashira alishusha sauti. "Mahfoudh anasema kanuni ni kanuni."

"Hajaondolewa?"

"Kahamishiwa ofisini. Juu."

Mwanamwema alirudisha simu kiunoni. Mamake alikuwa ameinama shimoni, hakuinua kichwa, lakini kelele za Bashira zilikuwa zimemfikia.

"Wameichukua kokwa yetu?" aliuliza Bi Tabia.

"Wameichukua. Wameipa na jina."

"Na wewe hawakutaki."

"Hawantaki."

"Pweza wetu wanamnunua?"

"Wanamnunua."

Bi Tabia alitikisa kijiti, akasikiliza. "Basi inama. Na hiyo hasira usiitupe, mwanangu, iweke vizuri. Utaihitaji."

Mwanamwema akainama. Shimo lilikuwa la mama yake, na la mama wa mama yake. Maji yake yalikuwa ya uvuguvugu, na ndani kabisa kitu kililala kikibadilika rangi. Akaingiza kijiti taratibu, akangoja kusalimiwa. Akaliona kontena jeupe linaanza safari bila mawimbi, na ndani ya weupe ule, baina ya katoni mbili, kokwa nyeusi imekaa macho juu ya barafu, haijazama, inakwenda.